UZI: Ukifanya kazi sikukuu ya umma nchini Uganda, unadai siku nyingine au malipo mara mbili, si soda

Mlinzi wa Mpakani (Busia)

Ndugu zangu, naanzisha uzi huu kwa sababu tarehe 9 Oktoba imepita juzi tu. Kwa mara nyingine walinzi, wahudumu wa hoteli, wauza mafuta kwenye vituo na wasaga nafaka wameshinda kazini huku wenzao wakisherehekea Uhuru, na wengi wao hawatapata cha ziada wala hawatajua kwamba walistahili kupata. Nimefanya kazi ya ulinzi kwa miaka tisa hapa Busia, upande wa Uganda, na katika minne ya mwisho nilikuwa msimamizi wa zamu. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza na wengi wetu tunaijua kwa kusimuliwa, ndiyo maana naieleza hapa kwa lugha tunayozungumza langoni.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko yenye mshahara kamili kila sikukuu ya umma. Akimfanyia mwajiri kazi siku hiyo, anastahili siku nyingine ya mapumziko yenye mshahara kamili, kwa gharama ya mwajiri, na siku hiyo iwe ni ile ambayo kama si hivyo angekuwa kazini. Maneno haya ya mwisho yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Ikiwa Jumapili ndiyo siku yako ya kupumzika kila wiki, mwajiri hawezi kukuambia kwamba Jumapili ijayo ndiyo fidia ya sikukuu, kwa kuwa Jumapili hiyo ilikuwa yako tayari. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mfanyakazi aliyelipwa kwa kazi ya sikukuu kiwango kisichopungua mara mbili ya kile cha siku ya kawaida hana tena dai la siku hiyo nyingine. Katika sheria ilivyopitishwa, hicho ni kifungu cha 54. Toleo jipya la vitabu vya sheria limesogeza namba za vifungu, kwa hiyo mnapokwenda ofisini shikeni maneno kuliko namba.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Tulikuwa walinzi sita katika ghala moja la nafaka, na kampuni iliyotuajiri sitaitaja. Mwaka mmoja tulifanya kazi tarehe 25 na 26 Desemba, tarehe 1 Januari na tarehe 26 Januari, zamu za saa kumi na mbili. Siku ya Krismasi, yapata saa saba mchana, gari la kampuni lilipita likamshushia kila mmoja soda moja na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Mwisho wa Januari tulipouliza kuhusu malipo ya sikukuu, tulijibiwa kwamba sikukuu tulikwisha kupewa. Yaani soda ile na chapati zile ndizo zilizohesabiwa kuwa haki yetu ya siku nne. Sheria inataka mshahara ulipwe kwa fedha halali. Chakula cha mchana ni ukarimu, na mwenye ukarimu ashukuriwe, lakini hakifuti deni.

Tulipeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, yule wa serikali anayesikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza sheria, ila yeye alianza kwa kuuliza orodha ya zamu iko wapi. Tulikuwa na daftari la zamu, lile lenye jalada gumu jekundu ambalo kila mlinzi analijua: safu ya tarehe, ya jina, ya saa ya kuingia, ya saa ya kutoka, ya sahihi, na mwishoni safu pana ya maelezo. Kampuni ilisema daftari la Desemba limejaa na halijulikani lilipo. Lilipopatikana la Januari, tulifungua ukurasa wa tarehe 26. Majina yalikuwapo, sahihi zilikuwapo, lakini safu ya maelezo ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini. Msimamizi aliyepaswa kuijaza nilikuwa mimi. Neno moja tu, "sikukuu", lingetosha kuonyesha kwamba kampuni ilijua siku ile ni ya namna gani, na sikuliandika kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniagiza kuliandika.

Wenzetu wanne walikuwa na madaftari yao madogo ya shule, na msimamizi wa ghala alikuwa akitia sahihi humo kila asubuhi wanapokabidhi funguo. Hao wanne walipewa siku zao nne kila mmoja. Wawili hawakuwa na chochote cha Desemba mkononi, wakapewa siku moja tu ya Januari. Kazi ilikuwa ileile na baridi ya usiku ilikuwa ileile. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu: haki hii ipo, imeandikwa wazi, na inapotea kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ulikuwapo kazini.

Dada wa Arua (mhudumu wa hoteli)

Kaka, asante kwa maelezo haya. Nami nilikuwa kazini tarehe 9 Oktoba kuanzia saa moja asubuhi, na hotelini kwetu sikukuu ndiyo siku yenye kazi nyingi kuliko zote. Lakini swali langu ni la Idi. Orodha ya zamu hubandikwa jikoni kila Jumatatu, na Idi hutangazwa usiku baada ya mwezi kuonekana. Safari iliyopita meneja alisema kwamba Idi haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo ni siku ya kawaida. Je, hilo ni sahihi? Pia naogopa kwamba nikidai sana nitaambiwa nimekuwa mkorofi, halafu nitafute kazi kwingine.

Mlinzi wa Mpakani

Dada yangu, haki inatokana na sikukuu yenyewe, haitokani na orodha ya zamu iliyobandikwa jikoni. Idi mbili ni sikukuu za umma nchini, na kwamba tarehe yake hutegemea mwezi ni jambo linalojulikana na kila mwajiri tangu zamani. Meneja hakulazimika kubadilisha orodha usiku ule; unaweza kuitwa kazini kihalali, na ukishafanya kazi linabaki deni la siku moja au la malipo mara mbili.

Kuhusu hofu yako, siidharau hata kidogo, kwa maana nimeona watu wakiondolewa kwenye zamu kwa sababu ya kuuliza tu. Sheria inasema kwamba kumlalamikia mwajiri, au hata kukusudia kumlalamikia, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Akifukuzwa kwa sababu hiyo, ana miezi mitatu tangu siku aliyofukuzwa ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Afisa asipotoa uamuzi ndani ya siku 90, mlalamikaji anaweza kulipeleka shauri katika Mahakama ya Viwanda, inayoamua migogoro ya kazi. Lakini anza kwa barua fupi na ya heshima kwa meneja: tarehe uliyofanya kazi, saa ya kuingia na kutoka, na ombi la siku ya fidia au malipo. Andika nakala mbili na uombe ya kwako igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa.

Karani wa Mishahara (Kampala)

Nimekuwa nikitayarisha mishahara kwa miaka mingi, na naomba kuongeza hesabu, kwa sababu watu wengi huanza kubishana kabla ya kukokotoa.

Chukua mlinzi mwenye mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi unapata shilingi 10,000 kwa siku, na kwa siku ya saa nane unapata shilingi 1,250 kwa saa. Akifanya kazi sikukuu kwa saa nane, malipo ya siku hiyo yasipungue shilingi 20,000. Kwa kuwa mshahara wa mwezi umekwisha kubeba shilingi 10,000 za siku hiyo, ofisi nyingi huongeza shilingi 10,000 nyingine. Wapo wanaodai kwamba iongezwe 20,000 juu ya mshahara. Mimi nasoma maneno ya sheria kuwa jumla ya malipo ya kazi ya siku hiyo isiwe chini ya mara mbili, na kama mkataba wenu unatoa zaidi, mkataba unafuatwa.

Zamu ya saa kumi na mbili ina jambo jingine ambalo ndugu yetu wa Busia hakuligusa. Saa zinazozidi nane kwa siku ni saa za ziada, na hulipwa mara moja na nusu katika siku ya kawaida na mara mbili katika sikukuu. Saa nne za ziada za sikukuu ni shilingi 2,500 mara nne, yaani shilingi 10,000. Kwa hiyo mlinzi huyo alistahili jumla ya shilingi 30,000 kwa Krismasi moja. Angepewa siku ya fidia badala ya malipo mara mbili, zile saa nne za ziada bado zingelipwa.

Angalieni pia kigawanyo. Kuna ofisi hugawanya mshahara kwa siku 30, na shilingi 10,000 zikageuka kuwa 8,667 bila mtu kugundua. Mtu anayepumzika siku moja kila wiki hafanyi kazi siku 30 kwa mwezi.

Jambo la mwisho, malipo haya yaonekane kwenye karatasi ya mshahara. Yakitolewa mkononi kwa bahasha, hayaingii katika hesabu ya mchango wa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambapo mwajiri huchangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Katika shilingi 20,000 za nyongeza tulizokokotoa (10,000 za sikukuu na 10,000 za saa za ziada), hizo ni shilingi 3,000 za akiba ya uzeeni zinazopotea kwa siku moja tu.

Mwenye Mashine (Kasese)

Nasoma nikiwa upande wa pili. Nina mashine mbili za kusaga na wafanyakazi sita, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye ni ndugu yangu. Siku za sikukuu wateja huja kwa wingi kwa sababu watu wako nyumbani, lakini umeme ukikatika kwa saa mbili mchana faida yote imekwisha, na bado nitadaiwa malipo mara mbili kwa watu sita. Sisemi sheria ni mbaya. Nauliza: ni nani anayechagua kati ya siku na pesa? Na je, siwezi kukubaliana nao tangu mwanzo kwamba mshahara wao umekwisha kujumlisha sikukuu zote?

Mlinzi wa Mpakani

Mzee wangu, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, maana waajiri wengi hukaa kimya.

Nianze na swali la pili. Makubaliano yanayomwondolea mfanyakazi kile ambacho sheria imempa hayana nguvu, hata kama ametia sahihi kwa hiari yake; unaweza kumpa zaidi ya sheria, huwezi kumpa pungufu. Mkataba unaosema tu kwamba "mshahara unajumlisha sikukuu" bila kuonyesha kiasi na bila mtu kupata siku wala malipo mara mbili hautakusaidia mbele ya afisa wa kazi.

Kuhusu uchaguzi, ukisoma mpangilio wa maneno utaona kwamba sheria inaanza na siku, na pesa ndizo zinazoizima siku. Kwa hiyo asiyetaka kulipa mara mbili hajaonewa, kwani njia ya kwanza kabisa haimtaki atoe shilingi hata moja zaidi ya mshahara aliouzoea. Inamtaka amwachie mtu siku moja. Wewe unajua miezi ambayo mahindi ni haba na mashine zinalala. Watu wako sita, ukiwapa fidia zao miezi hiyo mmoja baada ya mwingine, hutasimamisha kazi. Ninachokusihi ni kwamba siku hiyo iwe na tarehe. Ahadi ya "utapumzika siku moja" isiyo na tarehe nimeisikia kwa miaka tisa, na sijawahi kumwona mtu aliyepumzika kwa ahadi hiyo. Iandikeni kabla ya sikukuu kufika, ndani ya orodha ileile ya zamu, mstari mmoja: fulani kazini tarehe 26 Desemba, fidia tarehe 7 Januari. Wewe nawe utalindwa, kwa sababu asiye na kumbukumbu anaweza kudaiwa siku ambazo alikwisha kuzitoa.

Nami najua kwamba siku ya kupumzika huwafaa wengine kuliko pesa. Mwenzangu mmoja, ambaye kijijini kwao ni mbali, alikuwa akiomba siku zake nne zifuatane ili aende kumwona mama yake, na hakuna nyongeza ya mshahara iliyoweza kuchukua nafasi ya safari ile. Muulize mtu kabla ya kumwamulia.

Kibarua wa Jinja

Mbona mnazungumzia walioajiriwa tu? Sisi wa kupakia na kupakua magunia tunaambiwa kibarua hana sikukuu. Nipo hapa kwa miezi minane sasa, kila siku isipokuwa Jumapili, na bado naitwa kibarua.

Karani wa Mishahara

Ndugu, kwa mujibu wa Kanuni za Ajira za mwaka 2011, mtu hapaswi kuajiriwa kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za mfanyakazi mwingine yeyote, hata kama mwenye ghala anaendelea kumwita kibarua. Haki ya sikukuu tunayoizungumzia hapa ina masharti mawili: awe ametumikia mfululizo kwa miezi sita, na awe kwa kawaida anafanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Wewe una miezi minane na unafanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo umeyatimiza yote mawili. Aliye na miezi mitatu tu bado hajafika hapo, ni vizuri ajue hilo kabla ya kugombana na mtu.

Wafanyakazi wa nyumbani nao wamo, na huwa wanasahaulika katika mijadala hii. Anayepika na kulea watoto katika nyumba ya mtu kwa mshahara ni mfanyakazi. Wasiomo ni wanajeshi wa UPDF, pamoja na biashara za kifamilia ambazo wafanyakazi wake ni ndugu tegemezi peke yao na hawazidi watano.

Mlinzi wa Mpakani

Kuna jambo la huku mpakani ambalo nimeulizwa kwa faragha na watu watatu tangu jana, nalo ni la wale wanaofanya kazi upande wa Uganda katika ofisi ambazo wenyewe wako Kenya. Wanapewa mapumziko tarehe 20 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya Kenya, wanaambiwa kwamba ile ndiyo sikukuu ya kampuni, na tarehe 9 Oktoba wanafanya kazi kama kawaida. Kazi inayofanyika Uganda chini ya mkataba wa Uganda hufuata sikukuu za Uganda. Kwa hesabu ya kawaida ni 14 kwa mwaka: 1 Januari, 26 Januari, 16 Februari ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, 8 Machi ya wanawake, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, 3 Juni ya Mashahidi, 9 Juni ya Mashujaa, 9 Oktoba, 25 na 26 Desemba, na Idi mbili. Mwajiri akipenda kuongeza za Kenya ni hisani yake, na kama tarehe 20 Oktoba iliandikwa wazi kuwa fidia ya tarehe 9, hapo hakuna ugomvi. Pasipo maandishi hayo, deni la tarehe 9 bado lipo.

Kwa mlinzi wa mfano wa karani, siku hizo 14 kwa shilingi 10,000 ni shilingi 140,000 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi, hata kabla ya kuhesabu saa za ziada. Hizo hazichanganywi na likizo ya mwaka. Likizo ya mwaka ni siku saba kwa kila miezi minne ya utumishi, yaani siku 21 kwa mwaka, na sheria inaitoa kando na sikukuu. Anayekuambia kwamba tarehe 3 Juni imekatwa katika siku zako 21 anakupa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Dada wa Arua

Narudi kuwapa habari. Nilipeleka barua kama kaka alivyoelekeza, nakala mbili. Siku mbili zilipita kimya, na nakiri kwamba nilikuwa naingia kazini moyo ukinidunda. Leo asubuhi meneja aliniita jikoni, akaishusha orodha ya zamu kutoka ukutani, na mbele ya mpishi akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye Alhamisi ijayo, kando ya jina langu: "Fidia ya 9 Oktoba". Akatia sahihi. Wenzangu wawili waliokuwa zamu moja nami waliona, nao wakaomba zao, naye akaandika Ijumaa na Jumatatu. Nimeipiga picha orodha yote kwa simu kabla haijabandikwa tena.

Ile ya Idi amesema ataifikiria. Sikubishana naye pale jikoni. Nimeiandikia barua yake peke yake, yenye saa ya kuingia na ya kutoka, na nitaipeleka kesho kabla ya zamu kuanza.